Uzi wa Abdiya

Mbula alichanika kidogo tu, jeraha la urefu wa ukucha, na damu ikakoma yenyewe kabla mtoto hajamaliza kilio chake cha kwanza. Sista Kavata aliinama na tochi, akatazama vizuri, akasema hiyo si kitu. Kisha akanawa mikono na kwenda kwenye rafu kuchukua bahasha.

Mwaka huo wa tisini na nne, hospitali hiyo ya misheni iliyo nje kidogo ya mji wa Mwingi, ambayo jina lake tuliache, ilikuwa na sanduku la bati lililojaa bahasha. Aliyezileta ni Daktari Ndila, binti wa kijiji cha Matinyani aliyerudi kutoka masomoni na maswali mengi kuliko majibu. Alitaka kujua kama michaniko midogo ya uzazi hupona vizuri zaidi ikishonwa au ikiachwa ijifunge yenyewe. Akina mama waliokubali waliweka kidole gumba kwenye karatasi siku ya kliniki. Kila bahasha ilikuwa na nambari nje na neno moja ndani, SHONA au ACHA, na zilifunguliwa kwa kufuata nambari, mbele ya mzazi mwenyewe. Hakuna aliyejua kilichomo ndani, hata daktari. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Kavata aliinua ulimi wa bahasha nambari thelathini na moja.

"Acha," akasoma. "Umebahatika. Hakuna sindano."

Mbula alikuwa hoi, akaitikia kwa kichwa. Lakini mama mkwe wake, Syokau, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji wa wimbi, mahali ambapo wageni hawakuruhusiwa kusimama.

"Ati aachwe?" Syokau akauliza. "Aachwe hivyo tu?"

"Mama, ngoja nje."

"Nani amesema aachwe?"

"Bahasha ndio imesema."

"Bahasha haina mdomo. Kuna mtu aliandika."

Msimcheke Syokau. Ile njaa ya themanini na nne, ambayo Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, ilimkuta na watoto watano. Chifu wao alileta mahindi ya njano ya msaada, akasema hayatoshi, kwa hiyo yatagawanywa kwa bahati nasibu. Kila mtu alitia mkono ndani ya kofia akatoa kizibo cha soda, na mwenye kizibo chenye alama akapata gunia. Vizibo vyenye alama viliwaangukia shemeji za chifu, mmoja baada ya mwingine, na Syokau akarudi kwake na gunia tupu begani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile, kwa Syokau, bahati nasibu ni wizi uliovaa nguo ya kanisani.

Alikuwa pia na sababu nyingine ya kutaka mkaza mwanawe ashonwe. Hiyo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata marehemu mumewe.

Aliingia ndani kabisa, akaweka chupa mezani.

"Kavata, wewe ni Mutangwa. Hata mimi baba yangu alikuwa Mutangwa. Tangu lini sisi tunatupana? Huyo Msomali ako hapo nje analia na uchungu, akiingia atashonwa vizuri, na huyu wangu aende nyumbani wazi kama boma haina mlango. Si ndio?"

"Mama, mimi sijui yake itasema nini."

"Umefanya kazi hapa miaka kumi na hujui."

Kavata angeweza kumtoa nje. Ndiyo kazi yake, na amewatoa wakali kuliko huyo. Lakini maneno ya ukoo hayakataliwi kirahisi, na tena Kavata mwenyewe, tukisema kweli, hakuwa ameziamini sana zile bahasha. Miaka kumi alikuwa akishona. Kuacha kidonda wazi kulionekana kwake kama uvivu ulioandikiwa karatasi. Alimtazama Mbula. Mbula alitazama ukuta.

Sista akafungua bahasha ya thelathini na mbili. Ilisema SHONA.

Sasa ilibidi ile ya kwanza ifungwe tena, na gundi ilikuwa ofisini kwa daktari. Kavata alifungua chupa ya Syokau, akachovya kidole kwenye uji, akaubandika ulimi wa bahasha vile watoto wa shule wanavyobandika madaftari, akairudisha mbele ya sanduku imsubiri Abdiya, yule Msomali aliyekuwa nje. Kisha akamshona Mbula. Aliweka nyuzi nne mahali ambapo mbili zingetosha, na kila fundo akalivuta sana, kwa sababu kazi ya mtu wako haifai kulegea.

*

Siku ya sita Mbula alikuwa ananyonyesha akiwa amepiga magoti, viwiko juu ya kitanda, mtoto amelazwa mbele yake. Kukaa hakuweza. Kulala ubavu ilikuwa afadhali kidogo, ila akigeuka anauma kanga kwa meno. Homa ilikuja mchana, ikaondoka, ikarudi, na maziwa yakaanza kupungua. Mtoto, msichana mwenye sauti, alilalamika kwa niaba ya wote.

Waliishi vyumba viwili nyuma ya kibanda cha Mulei, mume wa Mbula, aliyeziba magurudumu ya malori kwenye barabara ya Garissa. Mulei aliuliza kila asubuhi, "Unaskiaje?" na Mbula akajibu, "Naendelea," kwa sababu mambo ya huko hayasemwi kwa mwanamume. Basi Mulei akaenda kazini akijua tu kwamba mkewe anaendelea.

Ndululu wa chama cha akina mama wa kanisa ndiye aliyeleta maneno. Alikuja kumwona mtoto, akamwona mama, akamvuta Syokau hadi jikoni.

"Huo uzi walimwekea ni wa zamani. Umeoza kwa sanduku."

"Nani amekuambia?"

"Nakuuliza wewe. Yule Abdiya, bibi ya Hared, alizaa siku hiyo hiyo. Umemuona? Ako sawa. Watu wanasema Hared alipeleka mbuzi kwa hospitali. Sasa uzi mzuri ulienda wapi?"

Mbuzi huyo hakuna aliyemwona. Hata hivyo Syokau hakuomba ushahidi, alikuwa na wa kwake tayari. Ile ACHA iliyomsubiri Abdiya aliijua, lakini tangu lini karatasi ikamzuia mwenye mbuzi? Alijifunga kitambaa kichwani na kuvuka barabara kuelekea nyuma ya soko la mifugo, kwa Hared, muuza ng'ombe, ili akahesabu nyuzi za watu.

Mlango ulifunguliwa na Arbaco, mama yake Hared, mwanamke mrefu mwenye hina vidoleni. Ndani, Abdiya alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha mbele, mtoto mapajani, anamimina chai kutoka kwenye birika. Amekaa. Syokau alilitazama jambo hilo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Karibu, mama Mulei," Arbaco akasema. "Wako anaendelea aje?"

"Pole pole. Huyu wako naona hana shida. Walimwekea nyuzi ngapi?"

"Nyuzi gani?"

"Si alishonwa?"

"Hapana. Sista alifungua karatasi, akasema huyu aachwe, aoge maji ya chumvi. Mimi nikasema alhamdulillahi. Wanasema huo uzi inatoka kwa utumbo ya mnyama. Mnyama gani? Hakuna mtu anasema. Nilikuwa nimemwambia Hared, wakitaka kushona, nabeba yeye nyumbani."

Abdiya alitabasamu, akampa mgeni kikombe.

Wazo la kwanza la Syokau, nashuhudia, lilikuwa kwamba wamedanganywa tena. Kumbe dawa yenyewe ni kuachwa, na wamewapa wale. Alishika kikombe kwa hasira. Kisha akakumbuka sauti ya Kavata asubuhi ile ikisoma neno lile lile, Acha, na kuongeza, Umebahatika. Lile neno lilikuwa la Mbula. Hakuna chifu aliyelichukua. Alilikataa yeye, kwa mdomo wake, na hata uji wa kulifungia ulitoka kwenye chupa yake.

Aliacha chai ikiwa nusu. Alirudi nyumbani, akachemsha maji, akatia chumvi, akampelekea Mbula kwenye karai.

"Nani amesema hii inasaidia?" Mbula akauliza.

"Watu," Syokau akasema. Ya Abdiya hakuyataja, usiku huo wala kesho yake.

*

Siku ya nane Mulei aliona damu na usaha kwenye shuka, na kuendelea kote kukaishia hapo. Aliacha lori la watu likiwa juu ya jeki, akaazima pikapu ya jirani. Mbula alisafiri akiwa amelala kifudifudi nyuma, Syokau kando yake na mtoto.

Daktari Ndila alimpima nyuma ya pazia.

"Nani alikushona hivi?"

"Sista Kavata."

"Ulikuwa unavuja damu sana?"

"Hapana."

Daktari alitoka, akafungua kitabu cha wodi. Alikuwa mtu wa kukagua, na alichokiona hakikumpendeza. Mbula alizaa saa tatu asubuhi, akaandikiwa bahasha ya thelathini na mbili. Abdiya alizaa saa tisa mchana, akaandikiwa thelathini na moja. Mtu wa kwanza amepata nambari ya pili. Akaenda kwenye faili la bahasha zilizotumika, akaitoa ile ya thelathini na moja, akaikwaruza kwa ukucha. Ukoko wa kahawia ukabanduka. Akaunusa.

"Mwiteni Kavata," akasema.

Kavata alipoona bahasha juu ya meza hakuuliza ameitiwa nini. Alisimama na mikono nyuma.

"Hii imefunguliwa mara mbili," daktari akasema. "Imefungwa na uji. Kavata, ulifanya nini?"

"Nilibadilisha, daktari."

"Kwa nini?"

Kavata alitazama sakafu. Angeweza kumtaja mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye benchi hatua mbili kutoka kwake. Hakumtaja.

Mulei alisimama. "Mimi nataka huyu afutwe kazi leo. Leo. Na alikuja kwetu kusalimia mtoto, ati sisi ni watu wamoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Amefanya bibi yangu majaribio kama panya, na bado anatuangalia."

Syokau alimpakata mjukuu, akamrekebishia kofia ambayo haikuwa imepinda. Nisimsingizie, nisimtetee, alitaka kunyamaza. Sista ana mshahara, alijiambia, sista amesoma, hawa hawafukuzani. Mimi nikisema, nitakula wapi uzeeni? Kofia ya mtoto ikarekebishwa mara ya tatu.

Mbula alikuwa ameegemea ukuta kwa bega, kwa sababu viti vyote vya ofisi ile havikuwa na maana kwake. Alimtazama mama mkwe wake. Akamngoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akasema mwenyewe.

"Sista aliombwa. Mwaitu, mama mkwe wangu, ndiye alimwomba."

Mulei aligeuka. "Mama?"

"Na mimi nilisikia," Mbula akaendelea, "nikanyamaza. Kavata aliniangalia, nikaangalia ukuta. Msiweke kwa sista peke yake. Hata mimi nilitaka huo uzi. Nilifikiri kile wananyima watu ndicho kizuri."

Mulei alitafuta wa kumkasirikia, akakuta wamekuwa wengi.

"Mulei," Syokau akasema hatimaye, "toka nje."

"Sitoki. Nataka kujua."

"Hii siwezi kusema mbele ya mtoto nimezaa. Toka."

Alitoka. Syokau alingoja mpaka mlango ulipofungwa, na hata hapo alisema na mtoto mapajani, siyo na watu.

"Mimi nilizaa watano nyumbani. Wa kwanza alinichana, na nikaachwa hivyo. Mpaka leo nikikohoa naloa. Nikicheka, naloa. Mnafikiri kwa nini nakaa nyuma kanisani, karibu na mlango? Watu wanasema ni maringo. Miaka thelathini na moja sijacheka nikiwa nimesimama. Nikasema huyu asifike hapo. Ni hiyo tu. Sikutaka kuiba."

Mbula alihisi machozi yakimjia, na alikasirika kwamba yanamjia, kwa sababu maumivu yalikuwa yake na leo ilikuwa zamu yake kuliliwa. Alikuwa mmoja wa wale waliosema ni maringo.

"Hiyo haikutoka kwa mchaniko mdogo, mama," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Na ina matibabu. Utakuja kliniki Jumanne."

Syokau hakulisikia la Jumanne. Alikuwa na swali lake. "Sasa sema ukweli, daktari. Hapa ni sisi wanawake. Kizuri ni gani, kushona ama kuacha?"

"Sijui."

"Unajua."

"Sijui, mama. Ningejua, ningeweka bahasha za nini?"

"Umesoma mpaka Nairobi na hujui?"

"Nimesoma mpaka Nairobi ndio nikajua kwamba sijui. Ya Mbula ilivutwa sana, ikafura, ikaingia uchafu. Hiyo ni mkono wa aliyeshona, siyo jibu. Kuna wengine wameshonwa na wako sawa. Kuna mmoja aliachwa na amerudi akilia. Nikimaliza kuhesabu wote nitajua. Lakini hawa wawili sasa siwezi kuwahesabu."

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya thelathini na moja na thelathini na mbili. Syokau alimtazama akifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza ikampitia akilini kwamba huenda ndani ya kofia hii hakukuwa na kizibo chenye alama. Hakuamini kabisa. Alianza kushuku kwamba si kweli kila mtu ni mwizi, na shaka hiyo ilimchosha kuliko zile nyingine zote.

Nyuzi zilitolewa nyuma ya pazia. Mbula hakupiga kelele. Kavata, aliyeambiwa kwamba kuanzia kesho ataandika kadi za wagonjwa wa nje na wodini asionekane, ndiye aliyeshika taa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Jeraha lilisafishwa, likaachwa wazi.

"Nitalazimika kumwambia Abdiya," daktari akasema akinawa. "Alichukuliwa kilicho chake."

"Tutamwambia sisi," Mbula akajibu kutoka nyuma ya pazia.

*

Walienda siku tatu baadaye, homa ilipokwisha. Mbula alitembea miguu ikiwa imetengana kidogo, Syokau nyuma yake na mtoto, na mji wote wa Mwingi, ilivyoonekana, ulikuwa na shughuli barabarani asubuhi hiyo.

Arbaco aliwakaribisha mkekani. Syokau aliketi. Mbula alibaki amesimama karibu na mlango. Abdiya akamimina chai, na Syokau, mbele ya kikombe ambacho hakukigusa, akasema yote bila kupunguza: bahasha, ukoo, uji.

Uso wa Arbaco ulibadilika pole pole.

"Kwa hivyo hiyo uzi ilikuwa yetu."

"Ilikuwa yenu."

"Mkachukua."

"Lakini mama," Syokau akasema, "wewe mwenyewe uliniambia hungekubali. Ulisema ungembeba nyumbani."

"Ndio, ningekataa. Kukataa ni yangu. Wewe ulikataa kwa niaba yangu, nani alikutuma?" Arbaco alivuta mtandio. "Hapa kila siku ni hivyo. Tunaambiwa tungoje, tunangoja, kumbe kitu imeshaenda kwa watu wa nyumbani. Hared akienda ofisi kutafuta kitambulisho anaambiwa lete babu yako. Sasa hata leba? Kwa nini mlichagua sisi?"

Syokau angeweza kusema haikuwa hivyo, Abdiya ndiye aliyefuata tu kwenye foleni. Ingekuwa nusu ya kweli.

"Nilifikiri nyinyi ndio mtapatiwa kizuri," akasema. "Nikaona heri mkose nyinyi. Ilikuwa vibaya. Nimekuja kusema ilikuwa vibaya."

"Kesho nampeleka," Arbaco akasema, kama hakusikia. "Kama ilikuwa haki yake, daktari amshone."

"Mama, nimepona," Abdiya akasema taratibu.

"Kupona si hoja. Haki ni haki." Kisha akamgeukia Mbula, ambaye alikuwa bado pale mlangoni, jasho usoni, mkono ukutani. "Na wewe kwa nini unasimama juu yetu kama askari? Mkeka yetu ni chafu?"

"Hapana, mama. Siwezi kukaa," Mbula akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya uzi wenu."

Arbaco alitazama miguu ya Mbula iliyotengana, akatazama ya Abdiya iliyonyooshwa mkekani, na habari ya kesho kwa daktari akaiacha.

Abdiya aliweka birika chini. Alimlaza mwanawe kwenye mto, akainuka, akachukua vikombe viwili na kumpelekea Mbula kimoja pale mlangoni. Walikunywa chai yao wakiwa wamesimama.